Pikapu ya Kila Siku: Nishushe Inchi Ngapi?

Shikamoo fundi,

Nina pikapu ya kebini moja, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Nyuma ina springi za pleti, mbele ina toshenibaa, ile fito ya chuma inayojisokota badala ya springi. Ndilo gari langu pekee. Linanipeleka kazini na kunirudisha, na kwa kuwa kazi yangu ni kufunga madirisha ya alumini, siku mbili tatu kwa wiki linabeba mashine ya kukatia, ngazi, fremu na vioo. Vyote pamoja havizidi kilo 300.

Kinachonikera ni lile pengo kati ya tairi na madigadi, hasa nyuma. Gari likiwa tupu limeinua makalio kama panzi. Nataka lilale kidogo, liwe na sura. Na nikiri, kunyanyua vioo hadi kwenye bodi kunanichosha, nikadhani likishuka nitapumzika.

Sasa kila mtu ana lake. Rafiki yangu ameilaza pikapu yake mpaka unadhani imekaa chini, na anasema chini ya inchi 4 ni kupoteza hela. Fundi wa kwanza ameniambia ataihamisha ekseli ya nyuma ikae juu ya springi, gari lishuke inchi 5, kisha mbele alegeze toshenibaa hadi pawe sawa. Kazi ya siku moja. Fundi wa pili anasema hayo yote gharama: achomoe pleti mbili, zinazobaki azipashe moto zilale. Mke wangu, ambaye mgongo wake unamsumbua na ndiye abiria wangu, anasema niache gari kama lilivyo.

Niliingia chini na futi. Kutoka juu ya ekseli ya nyuma hadi ile raba nyeusi iliyofungwa chini ya chesi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, ni sentimita 10 gari likiwa tupu. Nikipakia vifaa vyote hubaki 6. Sijui kama namba hizi zina maana yoyote. Njiani nina matuta, na lango la kazini lina kipando kifupi lakini kikali.

Nishushe inchi ngapi, na kwa njia ipi?

Aliyechoka na pengo

*

Marahaba, kijana wangu.

Zina maana, tena ndizo zenye maana kuliko yote uliyoandika. Nashangaa kwamba umezipima wewe, wakati mafundi wawili wamekutajia dawa bila hata mmoja kuchukua futi.

Hiyo raba ni raba ya kugotea. Gurudumu likipanda kwenye tuta, ekseli inasogea juu kuelekea chesi, springi inabonyea, na nafasi ikiisha ekseli inagota kwenye raba badala ya kugonga chuma kwa chuma. Sentimita 10 zako ndizo nafasi yote ya kubonyea uliyonayo gari likiwa tupu. Ukishusha gari, unaichukua nafasi hiyohiyo na kuitumia kwa ajili ya sura. Haitoki kwingine.

Sasa tupige hesabu. Inchi moja ni sentimita 2.54, kwa hiyo inchi 5 za fundi wako wa kwanza ni 12.7. Wewe una 10. Maana yake gari lingekuwa limekalia raba likiwa tupu, limesimama, hata kabla hujafungua mlango. Inchi 4 za rafiki yako ni 10.2, na matokeo ni yaleyale. Inchi 3 ni 7.6: tupu zingebaki sentimita 2.4, lakini siku ya vifaa, ambapo una 6 tu, umeshakalia raba tena. Gari lililokalia raba halina springi. Kila shimo linakwenda moja kwa moja kwenye chesi, kwenye vioo ulivyobeba, na kwenye mgongo wa mama aliyekaa pembeni yako.

Inchi 2 ni sentimita 5.1. Tupu zinabaki 4.9. Ukipakia, inabaki chini ya sentimita moja, na hapo napo hapatoshi. Lakini hapa kuna njia ya halali: raba ya kugotea fupi zaidi. Ukipata iliyo fupi kwa sentimita 2.5 hivi, unarudisha nafasi ya kiasi hichohicho, kwa hiyo ukiwa na mzigo unabakiwa na zaidi ya sentimita 3, na raba yenyewe inabonyea kabla ya kukwama. Si anasa, ila ni gari linaloendesheka.

Basi jibu langu ni inchi 2 nyuma na inchi 1 hadi moja na nusu mbele. Najua rafiki yako atacheka. Muulize anabeba nini kwenye bodi lake.

Huyo fundi wa kwanza sitamwita mwongo. Kuihamisha ekseli ikae juu ya springi ni kazi inayojulikana, na vijana wa California waliokuwa wakilaza pikapu ndogo za Kijapani miaka ya 1980 waliifanya sana. Gari linashuka kiasi cha unene wa bomba la ekseli ukijumlisha unene wa fungu la pleti, ndiyo maana inafika inchi 5 kirahisi. Asichokuambia ni kwamba kwa kimo hicho chesi lazima ikatwe nusu mwezi juu ya ekseli, kisha pale palipokatwa paimarishwe kwa bamba nene la chuma lililochomelewa na mtu anayejua kuchomelea chesi. Vinginevyo ekseli haina pa kwenda. Bado hujagusa vikalio vipya vya springi, ambavyo vikichomelewa kwa pembe isiyo sahihi difu, lile tumbo la gia katikati ya ekseli, inatazama juu au chini kupita kiasi na propela, mhimili unaoleta nguvu kutoka mbele, inaanza kutetemesha gari zima ukifika mwendo wa barabara kuu. Ikifanywa vizuri inapendeza. Ya siku moja siitaki hata kwenye gari la maonyesho.

Wa pili ndiye wa kumkimbia. Pleti za springi ni chuma kilichopitishwa kwenye moto na kupozwa kwa vipimo kiwandani ili kiweze kupinda na kurudi mara zisizohesabika. Ukikipasha tena kwa mtungi wa gesi gereji, ule ugumu unaondoka pale ulipogusa moto. Gari litashuka leo, litaendelea kushuka bila ruhusa yako, na siku moja pleti itakatika ukiwa na mzigo. Kuchomoa pleti mbili nako kunapunguza uwezo wa kubeba, na fungu lililobaki linajikunja kama herufi S ukifunga breki kwa nguvu au ukiondoka ghafla. Mtu anayebeba vioo hachomoi pleti.

Njia ninayokushauri kwa nyuma ni springi zenye pleti zote, zilizopunguzwa upinde. Ama ununue zilizotengenezwa za kushushia gari la aina yako, ama upeleke zako kwa wanaotengeneza springi, wazipinde kwa mashine ya kubana zikiwa baridi. Sisitiza hilo neno: baridi. Springi ikipungua upinde inarefuka kidogo, kwa hiyo tazama shakeli, vile vipande viwili vya chuma vinavyoshika mwisho wake wa nyuma, zisije zikalala kabisa na kugusa chesi. Wengine hutumia shakeli peke yake kushusha. Inawezekana, ila ekseli iko katikati ya springi, hivyo ukisogeza ncha moja kwa inchi 2, gari linashuka kama inchi moja tu. Tena kuna magari ambayo shakeli ndefu hushusha, na mengine ambayo shakeli hiyohiyo hupandisha, kutegemea springi imening'inizwa vipi. Nimeona watu wakifunga na kushangaa gari limeenda juu.

Yu-bolti, zile zinazofunga springi kwenye ekseli, ziwe mpya. Za zamani zimeshavutika, hazishiki kama mwanzo. Baada ya siku chache za kuendesha, zirudie kuzikaza.

Mbele, toshenibaa inakudanganya kwa urahisi wake. Unalegeza bolti moja kila upande na gari linalala bila hata shilingi ya vifaa, ndiyo maana watu huzidisha. Lakini toshenibaa haikazani kwa kulegezwa. Ulaini wake unabaki uleule huku nafasi ya kubonyea ikipungua, na pikapu nyingi zina nafasi ndogo sana mbele kati ya mkono wa chini unaoshika gurudumu na raba yake. Ingia na futi mbele kama ulivyofanya nyuma. Ukikuta sentimita 5, usichukue zaidi ya nusu. Kama kwa gari lako zinapatikana nako za kushushia (nako ni kile chuma kinachobeba gurudumu la mbele), ambazo gurudumu limewekwa juu zaidi kwenye nako yenyewe, hizo ni bora maana zinashusha gari bila kula nafasi ya kubonyea. Uliza kwanza kama rimu zako zinazipokea.

Na usilazimishe pawe sawa kabisa. Kiwanda kiliinua nyuma kwa sababu bodi litapakiwa. Ukilisawazisha tupu, siku ya vifaa pua itatazama mbinguni. Acha nyuma juu kwa sentimita 2 hivi. Kwa macho halionekani tena kama limeinama, na likipakiwa linakaribia usawa.

Sasa jambo ambalo hakuna aliyekutajia, na mimi ndilo linalonitia wasiwasi kuliko urembo wote. Ukiwa chini ya gari, fuata ekseli ya nyuma kwa macho. Kwenye pikapu nyingi utaona fito nyembamba ya chuma imetoka kwenye ekseli inapanda hadi kwenye kifaa kidogo kilichofungwa kwenye chesi, na mabomba ya breki yanapita hapo. Hiyo ni vali ya breki inayosoma mzigo. Haina akili ya kupima kilo. Inapima umbali kati ya chesi na ekseli. Umbali ukipungua inaamini umepakia, inaruhusu breki nyingi zaidi ziende nyuma. Umbali ukiwa mkubwa inajua gari ni tupu, inazibana.

Ukishusha gari inchi 2 bila kuigusa, vali itaamini kila siku kwamba una mzigo mzito. Siku zako mwenyewe, bodi tupu, barabara imelowa, ukikanyaga breki ghafla magurudumu ya nyuma yatafunga kabla ya yale ya mbele, na mkia wa gari utataka kutangulia. Dawa yake si ngumu: kikalio cha ile fito kwenye ekseli kinashushwa, au fito yenyewe inarekebishwa, kwa kiasi ambacho gari limeshushwa, kisha breki zinapimwa kwenye mashine. Ila lazima mtu akumbuke. Kama gari lako linagawa breki kwa kompyuta, huenda fito hiyo haipo kabisa, na hilo ni la kushukuru. Fundi ukimuuliza habari ya vali hiyo naye akakuuliza "ipi?", chukua funguo zako.

Shokapu nazo. Ya kawaida ina urefu wake wa mwisho inapobonyea, na kwenye gari lililoshushwa, ukifunga raba fupi, shokapu inaweza kugota ndani kabla ekseli haijafika kwenye raba. Ikifanya hivyo inakufa mapema. Kwa inchi 2, nunua zilizo fupi kiasi hicho. Mkeo anasema uache, na yuko sahihi nusu: gari lenye nafasi ndogo ya kubonyea halitakuwa laini kuliko lilivyokuwa. Shokapu nzuri zinazolingana na kimo kipya ndizo zitakazompunguzia adhabu. Kwa siku za vifaa kuna pia mifuko midogo ya upepo inayofungwa kati ya ekseli na chesi. Unaijaza ukipakia, unaipunguza ukishusha mzigo. Kwa matumizi yako naipenda kuliko mfumo mzima wa hewa wenye kompresa na matangi, ambao unapendeza hadi siku bomba linapovuja asubuhi una mteja anakusubiri.

Kabla hujalipa mtu yeyote, fanya jaribio hili. Chukua vipande vya mpira mgumu, au bomba la plastiki lililopasuliwa, vifunge kwa kamba za plastiki chini ya sehemu ya chini kabisa ya mbele, chini ya ekzosi, na chini ya tairi la akiba kama linaning'inia chini ya bodi. Mbele vining'inie sentimita 3 na nusu, nyuma sentimita 5. Vipake chokaa. Kisha ishi maisha yako ya kawaida wiki nzima: matuta yote, lango la kazini, siku ya vifaa, na siku ukiwa na mama. Jioni chungulia. Kipande kilichopoteza chokaa kinakuambia ni wapi chuma kingekuwa kimepita. Nyuma, paka grisi kidogo kwenye raba ya kugotea na tazama kama inaachwa alama kwenye ekseli. Kama kwa kimo cha kiwanda tayari inagota siku ya vifaa, inchi 2 nyuma si zako, chukua moja.

Lile lango lichunguze kwa makini kuliko matuta. Tuta linapita chini ya pua na likishapita limepita. Kipando kifupi kinakukamata tumboni, magurudumu ya mbele yakiwa juu na ya nyuma yakiwa bado chini. Umbali kati ya ekseli zako ukiwa mita 3 na tumbo likiwa sentimita 22 kutoka ardhini, gari linavuka mgongo wa nyuzi kama 17. Lishushe sentimita 5 na zinabaki karibu 13. Lishushe inchi 5 alizotaka yule bwana na unaongelea nyuzi 7. Difu, kwa upande mwingine, haishuki hata kidogo unaposhusha springi, kwa sababu imebebwa na matairi. Watu hupima pale chini ya difu, wakakuta namba ileile ya zamani, wakajipongeza bure.

Kuhusu matairi: ukibadili kutoka 225/70R15 kwenda 215/65R15, gari lote linashuka karibu sentimita 1.8, difu ikiwemo, na spidi ikisoma 100 wewe uko kwenye 95. Simkatazi mtu, ila pengo unalolichukia litaongezeka kwa kuwa tairi limekuwa dogo. Na usije ukafunga tairi za gari dogo kwa ajili ya sura. Hakikisha zina namba ya uzito inayolingana na pikapu yenye mzigo.

Baada ya kazi, endesha siku kadhaa springi zitulie, ndipo uende kwenye wili alainimenti, yaani kupimwa uelekeo wa magurudumu. Mbele ikishuka, matairi hulalia ndani kwa juu na uelekeo wake hubadilika, na hapo ndipo mtu anapokula tairi mpya upande wa ndani bila kujua. Siku hiyohiyo rekebisha taa kubwa. Nyuma ikishuka kuliko mbele kwa sentimita 2.5, mwanga unapanda kama sentimita 8 kwa kila mita 10, wakati taa za chini huwa zimewekwa ziiname kama sentimita 10 tu kwa umbali huohuo. Wanaokuja mbele yako watakutukana na watakuwa na haki. Uliza pia kwa wanaokagua magari na kwa bima yako kabla, si baada.

Kuhusu kunyanyua vioo, sitakudanganya: sentimita 5 utaziona siku ya kwanza, kisha utazisahau. Kama mabega ndiyo yanayolalamika, tengeneza reli ya pembeni ya kusimamishia vioo wima, usingoje springi zikusaidie.

Mwisho, jeki. Gari likishashuka, litoe upepo kwenye tairi moja ya nyuma nyumbani kwako, penye sakafu ngumu, kisha jaribu kuiingiza jeki iliyokuja na gari mahali pake pa kunyanyulia. Kama haipiti, nunua fupi kabla hujatoka, na hakikisha pia kwamba tairi la akiba bado linaweza kutolewa kutoka chini ya bodi likiwa limelala hivyo.